Juisi ya mpangaji wetu imenipokonya mvi, na mahari iko karibu

Mama Zita, mshauri wetu wa redio, naomba unipokee kwa mikono mbili, ni mimi Mushagalusa wa South End, hapa Louisville, mtu ambaye hajawahi kuomba shauri, maana kawaida ni watu wanakuja kwangu, uliza yeyote ku kanisa, uliza hata ku depo kwenye niko natumika, watakuambia ile siku mashini ya kubeba mizigo ilikufa ni nani alibeba friji mbili, moja ku kila bega, akiwa anaimba. Masomo niliachia darasa ya tano, si kwa ujinga, mwalimu mwenyewe alisema hana tena kitu ya kunifundisha. Donc ukiona mtu kama mimi anaandika barua, ujue dunia imegeuka.

Shida yangu inaitwa Hebe. Ni binti ya Ugiriki, amepanga chumba chetu cha chini, na ni mungu. Usishituke, Mama, sisi ni watu wa kanisa na Mungu ni mmoja, hata pasta nilimuuliza akasema tumpokee kama mgeni mwingine. Ni mungu mdogo tu, wa zile hadithi za zamani za kwao, kazi yake ilikuwa kuwamiminia wakubwa kinywaji kule juu ya mlima ili wasizeeke, kiisha baba yake akaleta kijana mmoja aliyebebwa na tai, akampa ile kazi, Hebe akabaki anazunguka bure, akachoka kuwa msichana milele, akashuka aishi kama watu, azeeke, siku moja afe vizuri. Ku makaratasi yake hawakujua alizaliwa lini, wakamwandikia tarehe moja Januari kama sisi wakimbizi wote.

Mwanzo ilikuwa mateso. Siku alipata mafua ya kwanza alikuja mbio ku salon kwenye tulikuwa tumekaa, anashika pua, "Baba, kuna maji inatoka ndani ya uso wangu, ndio kufa?" Bibi yangu wa ndoa, Généreuse, akamjibu, "Hapana mwanangu, ndio Louisville." Basi ya mji ilimpita mara nyingi, maana alikuwa anangoja dereva ashuke amsalimie kwanza. Mimi ndiye nilimfundisha yote, na nilimtafutia kazi ya kufua mashuka ku nyumba ya wazee, na kila akirudi anatusifia mikunjo ya wale wazee sawa vile wanawake wanasifia vitenge.

Bon. Jumapili moja tumetoka ku ibada, Généreuse amebaki ku mazoezi ya kwaya, Hebe akaniletea jagi ya juisi ya marakuja. Unajua desturi yetu, anayeleta kinywaji anaonja kwanza, ili mwenye kunywa aone hakuna sumu. Nikamwambia, "Onja."

Akasema, "Baba, acha nilete tu. Midomo yangu bado ni ya kule juu."

Nikasema, "Ku nyumba ya Mushagalusa hakuna kikombe kinapita bila kuonjwa. Hata gavana akija, ataonja."

"Baba, nakuomba."

Mimi, mtu wa heshima, nikagonga meza. Akaonja. Nikanywa. Mama Zita, ile juisi! Ilishuka kama habari nzuri. Nikamaliza jagi yote peke yangu, maana tangu nizaliwe sijashindwa na jagi.

Généreuse aliporudi alipiga kelele, akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani, na kwa nini umevaa suruali ya mume wangu?" Mvi zote zimekwenda, tumbo limekwenda, ndevu zimekwenda, jino la nyuma limerudi. Nafanana na mtu wa miaka ishirini. Sikatai, upande moja ni sifa, ku depo sasa vijana wananikimbia kwa aibu. Lakini wamama wa kwaya wanamuuliza bibi yangu, "Mama Nshombo, huyu mtoto wako mkubwa alifika lini kutoka kambini?" Na Nshombo mwenyewe, niliyemzaa, ameanza kuniita "bro" na kuniazima viatu.

Yote hiyo ningebeba, mimi ni mtu wa kubeba. Shida ni mahari. Marehemu kaka yangu aliacha binti, Patricia, anakaa Hilliard, kule Columbus, na mimi ndiye baba yake. Kijana mmoja wa Buffalo anaitwa Gisa anataka kumuoa, na watu wake wa Tonawanda, pale karibu na Buffalo, wanakuja Hilliard mwezi ujao kuleta mahari. Msemaji ni mimi. Nimeshatangaza kutoka Louisville mpaka Buffalo ya kwamba nitakavyosema siku ile, ng'ombe watakuja wenyewe bila kusukumwa. Juzi tukapigiana simu ya video ili wazee wajuane. Mzee wao Rutebuka akaniangalia, akatoa miwani, akaipangusa, akaniangalia tena.

"Kijana, tuitie baba yako."

"Baba ni mimi, mzee."

"Basi tuitie babu."

Wote wakacheka, hadi mwenye kushika simu, maana niliona paa ya nyumba inatikisika. Kiisha akasema bila kucheka, "Sisi hatuongei ng'ombe na mtoto. Kama binti hana mzee wa kumsemea, tutabaki kwetu na Gisa atatafuta kwingine." Patricia alinipigia analia. Na mdogo wangu Cikuru, ambaye kichwa chake ni cheupe kama unga wa mhogo na hajui hata methali moja mpaka mwisho, anasema yeye yuko tayari kuongea kwa nafasi yangu! Cikuru!

Nimejaribu kila njia. Nilipaka unga ku nywele, nikatoka jasho, ikawa bugali ku kola. Nilimwamuru Hebe anirudishie uzee wangu, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Baba, uzee haunywewi, unangojewa. Na mimi niko nangoja." Donc nauliza: nimfukuze, ao nimlazimishe amwombe baba yake dawa? Jibu haraka. Généreuse amesema Hebe akitoka, na yeye anatoka, maana hawezi kubaki peke yake ndani ya nyumba na kijana.

Ni mimi Mushagalusa, mzee, hata kama haionekani.

MAMA ZITA ANAJIBU

Baba Nshombo, pole. Nasema pole ya kweli, maana mvi ni kazi ya maisha mazima, na kuzipoteza kwa mchana mmoja kunauma. Pole imeishia hapo.

Binti alikukatalia, ukamlazimisha. Akakuomba, ukagonga meza. Babu zetu waliweka desturi ya kuonja ili mnywaji amwamini anayemletea. Yeye alikuonya waziwazi. Sumu gani inamwonya mtu kabla ya kunywewa? Kisha ukamaliza jagi zima bila kumbakizia mkeo hata tone. Mimi ningekuwa Généreuse, ningekuuliza hilo kabla ya kuuliza suruali.

Hebe hafukuzwi. Aende wapi, mlimani ambako kazi yake amepewa mwingine? Mtu ameacha kutokufa, amekuja kupata mafua ndani ya nyumba yako, na wewe unataka arudi kupiga magoti kwa baba aliyemwachisha kazi! Mwache azeeke kwa amani. Nyumbani asiombwe tena kuonja kitu cha mtu. Na huko kazini abaki na mashuka, asikaribie jikoni hata kwa kijiko, maana wale wazee wana watoto wenye miaka sitini ambao hawana nguvu ya kulea.

Kanisani, simameni wawili wakati wa matangazo. Sema jina lako, sema huyu ni mke wangu, kaeni. Usiongeze hadithi ya friji.

Sasa Patricia. Umeandika mengi juu ya maneno utakayosema wewe, lakini anayelia Hilliard ni yeye. Mzee Rutebuka hakukosea. Anakuja kuomba mtoto wa watu, anataka kumtazama usoni mtu ambaye anaonekana ameshazika na ameshaozesha. Wewe kwa sasa unaonekana hujamaliza shule, na naona kwenye barua kwamba hapo uso hausemi uongo sana. Mzee yupo: ni damu ya marehemu, ana kichwa cheupe, na amejitolea mwenyewe. Kama methali zake haziishi, mfundishe miisho yake mkiwa ndani ya gari; kutoka Louisville mpaka Columbus njia inatosha. Siku ya mahari wewe kaa na vijana, ubebe makreti, ugawe Fanta, na kila chupa utakayofungua mbele ya watu wa Tonawanda, mimina kidogo uonje kwanza. Patricia akiolewa, hakuna atakayeuliza sauti ilikuwa ya nani.

Mvi zitarudi. Mara ya kwanza zilikuja bila wewe kuzitafuta.

Lakini mpigie Cikuru leo, kabla hujapata hadithi nyingine ya kujitetea. Akipokea, usimwite mdogo wangu. Mwite mzee, umwombe akusemee binti, halafu unyamaze umsikilize.