Mayai ya Samaki na Mkeka wa Bana Chola

Jumapili. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Nimetoka kanisani na moyo mzito. Niliimba, nikapiga makofi, lakini sala haikupanda.

Ziwa limefungwa miezi hii ili samaki wazae. Komite ya ukingo, hapa Kashikishi, ilinichagua mimi kulinda matete ya upande wetu. "Huyu mukimbizi wa Pweto hana shemeji wala binamu huku," walisema. "Atasema bila kuficha mutu." Nilijiona mutu wa maana, ee! Walisahau kuuliza nalala kwa nani.

Nalala kwa Bana Chola, yaani mama wa Chola, mjane. Tulipovuka ziwa kukimbia vita, alitupa chumba chake, yeye akahamia jikoni.

Jana alfajiri nilikuwa naosha masufuria ukingoni, nikasikia pa! pa! pa! ndani ya matete. Kutumpula. Mtu anapiga maji kwa fimbo, samaki wanatoka mbio kwenye viota vyao, wanaingia wavuni. Ndicho hasa tulichokataza. Mtumbwi ukatokea, na ndani yake Chola, mtoto wa mwenye nyumba wangu. Akanisalimia kwa adabu kama siku zote.

Mchana mama yake alipika samaki, tumbo limejaa mayai. Mayai yale akawapa watoto wangu na bukari, ugali wetu, wakalamba vidole. Na mimi nikala. Nilikuwa na njaa, nisiseme uongo.

Kesho komite inakaa. Nikimtaja Chola, wavu wake utachomwa, na nyumba hii haina kitu kingine cha kuileta sufuria motoni. Nikinyamaza, wengine wataingia matete, na watoto wangu hawa hawa wakikua watatupa nyavu kwenye maji matupu.

Nani alinituma kukubali kazi hii, Mungu wangu!

Leo nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Bana Chola yote. Hakupiga kelele. Aliendelea kusonga bukari.

"Sema tu, mudogo wangu," akanijibu. "Lakini kwanza uambie ile komite, batoto bako balikula nini tangu mvula ya mwaka huu ilianza."

Ni kweli, tumekula samaki wa wavu ule ule.

Basi nitasema vyote viwili. Nitaanza na sahani yangu, ndipo nifike kwenye wavu wa Chola.

Sasa hivi namsikia akiwatandikia watoto wangu mkeka, anawatania kwa Kibemba, wanacheka. Kesho jioni mkeka huo atautandika nani?