Kisima Chukua, Chini Tuachie

Otterslide, Virginia Magharibi
Oktoba 14

Dada yangu mpendwa Oleta,

Pokea salamu za mwanamume mwenye bahati kuliko wote katika Virginia Magharibi, na ukimtafuta wa pili wake usihangaike, maana wa pili naye ni mimi. Hujambo? Shemeji Wendell hajambo? Mgongo wake unaendeleaje, na bado anakoroma mpaka watu wa huko Akron wanadhani treni imeacha reli? Sisi huku tu wazima. Mama anakula, anafoka, na kanisani anaimba kwa sauti inayokifunika kinanda.

Bahati yenyewe ni hii. Jumamosi nimeshinda bahati nasibu ya kikosi cha wazima moto. Tiketi moja tu, dada, tena niliichagua huku natafuna, bila hata kuitazama. Hundi iliyomo humu ndiyo ushindi wangu wote, na ni yako. Itawanyamazisha watu wa benki mpaka theluji iyeyuke, wasiiguse nyumba yenu. Usithubutu kuirudisha. Mtu kama mimi, fedha humfuata zenyewe kama nzi na asali.

Ila kabla hujainuka kwenda benki, weka kalamu chini. Najua ipo mezani. Mama kaniambia kwamba yule Bwana Ashcombe amefika hadi kwako na karatasi zake, anataka kununua theluthi yako ya gesi iliyo chini ya shamba la marehemu Baba, na kwamba umemwambia arudi Ijumaa kuchukua sahihi. Ningekupigia simu, lakini wewe hukata simu kila nikifika kwenye utamu. Barua haikatwi. Keti.

Bwana huyo alianzia kwetu. Alikuja na buti za kung'aa, Seneta akazinusa akanguruma, na ujue mbwa yule hangurumi ovyo. Si bure yule mtu wa Kentucky huja kila vuli kumtaka, akisema hajaona mbwa wa kuwinda rakuni, wale wezi wa mahindi usiku, kama yeye, nami kila vuli humjibu kwamba nitamuuza Mama kwanza. Basi Ashcombe akaketi, akaisifu pai ya matufaha, akala vipande vitatu, kisha akaomba ruhusa awashe jiko.

Unalijua jiko la Mama. Gesi yake inatoka kisima cha Babu pale kilimani, ya bure, ndivyo Babu alivyopatana na waliokichimba. Tulipokuwa watoto moto ule uliwahi kukuunguza nyusi. Sasa umebaki kitu kidogo cha buluu kinachotetemeka, maharage yanaiva siku njaa imeshakwenda zake. Ashcombe akautazama kama mtu aliye msibani. Akamwambia Mama kwamba gesi yenu inakufa, mama yangu, uzeni ingali na thamani kidogo. Akataja bei. Tulifurahi, kwa nini nikufiche? Si unajua watu wa bonde hili tunavyosema. Hatusemi fulani ana gesi, tunasema fulani ana kisima. Kwa hiyo sote pale mezani tulidhani tunauziana kisima, na kisima chenyewe ni mzee asiye na jino.

Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Mama alikuwa akiosha vyombo, na bila kugeuka akaniuliza kama mtu mwenye akili zake huendesha gari toka Pittsburgh kuja kununua moto unaozimika. Nikamwambia labda amependa pai. Akasema pai hata Pittsburgh zipo, bwege wewe.

Hapo damu ikanichemka. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, sikatai, lakini mimi nimefanya kazi Texas, nimecheza karata na watu wenye meno ya dhahabu, nikaondoka na suruali yangu mwilini. Nikamwambia Ashcombe kwa upole: Bwana, umetuhurumia kweli. Bei yako tumeikubali. Kisima chukua, na gesi yote mpaka pale kina chake kilipoishia. Chini ya hapo tuachie wenyewe, kuna mawe tu na shetani.

Dada, uma wake uliganda hewani, na kipande cha tufaha juu yake!

Akasema karatasi haiandikwi hivyo. Nikamwuliza kwa nini, ikiwa huko chini hamna kitu. Akasema ni desturi tu ya biashara. Nikamwambia na desturi yetu sisi akina Cutright ni kutomuuza shetani wetu. Akacheka peke yake. Halafu, kahawa yake ikiwa bado inatoa moshi, akapandisha bei maradufu. Mama akalizima jiko, akajifuta mikono, akamwambia pai imekwisha. Na ilikuwapo nusu nzima!

Kesho yake tukaenda mjini kwa mwanasheria, binti wa akina Rexroad, yule uliyekuwa ukimsuka nywele. Ametueleza mpaka hata mimi nikaelewa. Kisima cha Babu kilitoboa ngozi tu. Chini kabisa, zaidi ya maili moja, umelala mwamba mweusi uliojaa gesi ambayo haijaguswa na mtu, na siku hizi mashine hushuka wima kisha hukunja kona na kwenda ubavuni kama fuko. Karatasi ya Ashcombe inachukua vyote, kuanzia mizizi ya nyasi hadi huko mwisho, milele. Kupima mali hiyo kwa moto wa jiko la Mama ni kumuuza ng'ombe kwa bei ya kamba yake. Mwenye busara huuliza kwanza nani ana kibali cha kuchimba jirani, majirani wamekodisha kwa kiasi gani, atapata senti ngapi katika kila dola ya gesi, na kama watamkata gharama za kuisafisha na kuisafirisha. Tena hamsikilizi mnunuzi mmoja tu.

Tukauliza. Kumbe nyuma ya kilima, kwa akina Hinkle, kibali kimeshatoka cha visima sita, na viwili kati ya hivyo vimechorwa vipite chini kabisa ya malisho yetu. Ashcombe alijua hayo tangu pai ya kwanza.

Sasa piga vigelegele. Kampuni inayochimba imekuja yenyewe, na hatukuuza, tumekodisha. Senti ishirini katika kila dola, bila makato, na mali inabaki yetu na ya watoto wetu. Mama aligoma kutia sahihi mpaka waongeze ukurasa unaosema jiko lake litakuwa na gesi ya bure, moto mkubwa, maisha yake yote. Wanaume wanne wenye tai wakakaa jikoni kwetu kuandika habari za maharage! Bonde zima linatuamkia siku hizi. Theluthi yako imetengewa masharti yaleyale. Malipo ya kwanza ni baada ya hati kuchunguzwa, theluji ikiyeyuka, ndiyo maana hundi hii imetangulia kukushika mkono.

Kwa hiyo Ijumaa usimfukuze. Mkaribishe, mpe kahawa, umwambie vilevile nilivyomwambia mimi: kisima chukua, chini tuachie. Halafu mtazame usoni, ucheke kwa niaba yangu. Kisha panda basi uje kutia sahihi kwa binti Rexroad. Mama ameshaanza kukukandia unga.

Mama anakusalimu, anasema umvalishe Wendell soksi nzito. Akina Hinkle wanakusalimu, na kwaya yote, hata wale wasioijua sauti yako.

Ni mimi mdogo wako mwenye kukupenda,
Delmas

Unajua kila barua yangu mimi huipeleka kwa Seneta aigonge muhuri wa unyayo wake wa matope hapa chini, nawe huutafuta kabla hata ya kusoma. Safari hii pamebaki peupe. Mtu wa Kentucky alikuja Jumamosi. Sikushinda bahati nasibu yoyote, dada. Nimemuuza Seneta.