Mapigo Manne Niliyokujazia

Mwalimu,

Nakuandikia nimesimama kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, karatasi juu ya mashine inayotetemeka, maana kukaa siwezi. Miezi saba sasa tangu tukuzike. Jumamosi hii kazi yako ya mwisho inapigwa huku ughaibuni, mjini Columbia, okestra nzima na kwaya, kwenye ukumbi wenye viti vya kukunja vyenye mito. Na mimi nimeiharibu.

Ngoja nikueleze kabla sijaogopa tena.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Wewe uliandika kwa herufi za do, re, mi, yaani d, r, m, kama ulivyofundishwa kwenye kwaya ya usharika wenu kule Moshi. Mimi, niliyesoma muziki chuoni Annandale, nikazihamishia kwenye mistari mitano ya noti ili wapiga fidla wazisome. Miaka sita, kila Jumapili baada ya ibada, mezani kwako Hyattsville, wewe tayari umevaa sare ya kwenda kulea wazee wa watu. Ulitunga kwenye basi. Ulitunga ukingoja supu ya bibi uliyekuwa ukimlea ipoe. Kuna bwana mmoja wa okestra alikurudishia karatasi zako akauliza kama ni cheti cha dawa, na wewe ukacheka mpaka ukatoa machozi, kisha ukaniambia, "Nafula, hebu niandikie hiyo dawa kwa mwandiko wa daktari." Ndivyo nilivyopata kazi.

Hii ya mwisho uliiandika ukiwa kitandani. Herufi zilikuwa zinateleza. Nikakuta sehemu tisa ambapo, baada ya herufi, umeacha nafasi tupu ya mapigo manne. Nafasi tupu maana yake wote wanyamaze. Kistari ndicho kinachosema sauti iendelee. Hilo nalijua, ulinifundisha mwenyewe. Lakini niliutazama mkono wako na nikajisemea, maskini, Mwalimu amesahau vistari. Nikakuwekea. Zote tisa. Sikukuuliza, nilikuhurumia.

Juma lililopita Neema alikuja na boksi lako. Huyo binti yako bado namsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, "Auntie, just take it, I can't look." Ndani mkawa na daftari la zamani, kazi ileile, mwandiko umesimama wima, wa kabla hujaugua. Nafasi tupu tisa, palepale. Kumbe ulikusudia.

Ndipo nikakumbuka kile kinanda chenu cha kule Moshi, cha kujazwa hewa kwa kukanyagwa, kilichokuwa kinavuja hewa, hadi kwaya nzima ilibidi inyamaze katikati ya wimbo mpiga kinanda akanyage kijae tena. Ulinisimulia mara ngapi! Ulisema hapo kwenye kungoja ndipo ulipoujua muziki. Na mimi nikaziba.

Siku nne sikulala vizuri. Kiongozi wa okestra alikuwa ameipenda ile sauti ndefu, aliwaambia wapigaji kwamba ndiyo roho ya kazi yote, na wakanipigia makofi mimi, mwandishi wako. Nilipokea, Mwalimu. Nilitabasamu hata. Mara mbili nikaendesha gari mpaka mlangoni kwake nikageuza. Nilijiambia wafu hawasikii. Halafu nikakusikia ukisema, "Nyie Wakenya mna haraka, hata kimya mnataka kukifanyia kazi."

Jana nikamwambia kiongozi. Mbele ya wote, kwenye mazoezi. Nilisema kosa ni langu, wewe hukusahau kitu. Akafunua kurasa mpaka penye vistari vyangu. Akasema tukinyamaza pale watu watadhani kazi imekwisha, watapiga makofi, itakuwa aibu. Nikamjibu kwa maneno yako ya siku ile kwenye ukumbi wa kanisa, walipokupigia makofi mapema watu kumi na tisa, akiwamo mlinzi: waache wapige, wataona haya kidogo, kisha ndio wataanza kusikiliza.

Wakajaribu. Mapigo manne, fidla zote chini, kwaya midomo imefumbwa. Neema alikuwa amekaa nyuma. Akasema, kwa Kiswahili, Mwalimu, kwa Kiswahili: "Mama anakanyaga."

Nililia mbele ya watu nisiowajua. Nimefuta vistari vyote kwa mkono, nakala thelathini na nne, vidole vinauma mpaka sasa. Jina langu nimeomba liondolewe kwenye ukurasa wa kwanza. Neema kakataa, sisi bado tunagombana.

Nguo zimekauka, naenda. Lala salama, Mwalimu wangu mkali. Kuna madaftari mengine kumi na moja kwenye boksi, nami nakuahidi kuyanakili yote, na ulipoacha tupu patabaki tupu. Jumamosi wakipiga makofi kabla ya wakati, sitageuka kuwatazama. Nitakaa na mikono mapajani nihesabu moja, mbili, tatu, nne, nikungoje ujaze hewa.

Wako,
Nafula