Mama, Kuhusu Skuta ya Mzee Karoli

Rwezamenyo, Kigali

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Shangazi Hadija aliniambia bado linakusumbua ukiinuka kwenye mkeka, na kwamba dawa ya kuchua umeiacha kwa sababu inanuka. Tafadhali Mama, endelea kuchua, harufu itazoeleka. Na presha, unakwenda kupima? Mwambie Rehema habari za mtihani wake wa hesabu zilinifikia, nikafurahi, nikatafuta mtu wa kumwambia kwamba binti wa kaka yangu kaongoza darasa, nikamkosa.

Mimi ni mzima. Nilipata homa, imepita. Masika ya huku hayana adabu. Asubuhi unaanika nguo jua likiwaka, saa sita baridi imekuingia mpaka kwenye mifupa, na maji yanashuka vilimani kama yanafukuzwa.

Nimechukua kalamu badala ya simu kwa sababu nina jambo ambalo nikilianza kwa mdomo utanikatisha kabla sijafika katikati, nami nitanyamaza kama kawaida yangu. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Rehema akusomee, utaona kwa nini.

Kazi yangu unaijua, kufundisha Kiswahili majumbani. Asubuhi nilikuwa naenda Kiyovu, kwenye zile nyumba kubwa za zamani, kwa watoto wawili. Alasiri naenda Gisimenti kwa Solina, mwenye mgahawa, anayetaka kuzungumza vizuri na wateja wake kutoka kwetu. Watu wananilipa niwaulize "habari za leo" nao wanijibu "nzuri, mwalimu." Jioni ikifika sijaulizwa habari na mtu anayetaka kuisikia. Hapa ninapokaa Kiswahili kipo, na majirani wengi ni Waislamu wenzetu. Mwenye nyumba wangu, Mama Aziza, ni fundi cherehani. "Iko salama?" ananiuliza nikipita, macho yakiwa kwenye pindo. "Iko salama," namjibu, maana nikiongeza neno namchelewesha. Nilipougua nilikaa ndani siku tatu. Siku ya nne akagonga mlango kuniambia nimesahau kanga kambani na mvua inazinyeshea. Si mtu mbaya. Hakujua tu kama naumwa, na mimi sikumwambia.

Sasa jambo lenyewe. Mji huu wote ni kupanda na kushuka, na wenyeji husafiri kwa pikipiki za abiria. Mimi sipandi. Tangu siku ya tatu ya msiba wa kaka Shabani, uliponishika mkono mbele ya shangazi ukasema, "Mwanaidi, niapie hutapanda tena kitu cha magurudumu mawili," nami nikaapa, sijapanda, wala sijabebwa. Nasubiri basi, na basi lisipofika natembea. Mwezi uliopita nilifika Kiyovu kwa mara ya tatu nimechelewa na nimelowa chapachapa, maji yananichuruzika kwenye zulia lao. Mama wa wale watoto alinipa taulo, akanisubiri nijikaushe, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, tutakupigia." Hawajapiga mpaka leo.

Siku hiyohiyo Solina aliniona nimenyong'onyea, akaniambia, "Mjomba wangu iko na pikipiki ya matairi matatu. Anauza. Haiangukagi, mwarimu. Enda uione."

Nilikwenda Jumamosi. Usidhani ni bajaji, Mama. Ni skuta ya mtu mmoja na wa nyuma yake. Mbele ina magurudumu mawili yaliyokaribiana, nyuma moja, na ukikata kona yote yanalala nawe. Mjomba mwenyewe, Mzee Karoli, aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa akimpakia mkewe kwenda kanisani. Mkewe alifariki, kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, na binti yake akaficha ufunguo. Amekulia Karagwe, alirudi huku mtu mzima. Nilipomwamkia "shikamoo" aliitika "marahaba," halafu akacheka peke yake. "Yewe! Miaka mingi sijaitika hiyo."

Jumamosi ya pili nilirudi kuiangalia tena. Ya tatu pia. Ilikuwa skuta ileile, buluu iliyopauka, kioo kimoja kimefungwa kwa waya, na sikuwa na kitu kipya cha kukagua. Tulikaa barazani. Aliniuliza kama Korogwe kuna migomba, kama mvua zimefika, mama yangu anaitwa nani na anaumwa nini. Niliongea mpaka koo likakauka. Njiani kurudi ndipo nilijua kwamba skuta nimeifanya kisingizio.

Nilimwambia na habari ya kiapo. Alihesabu kwa vidole. "Moja, mbiri, tatu. Mwarimu, kiapo yako iko nzima." Nilicheka sana. Lakini kabla sijafika kwenye basi kicheko kilikuwa kimeniisha. Siku ile hukuwa unahesabu magurudumu, Mama. Ulikuwa unahesabu watoto waliobaki.

Jumamosi ya nne alikuwa ameupata ufunguo kwa binti yake. Akaniwekea mkononi. "Zunguka, urudi uniambie." Leseni ninayo, ni ileile niliyoipata Shabani aliponifundisha kwenye uwanja wa mpira. Niliibadilisha nilipofika huku, nikidhani itabaki kuwa ya kukaa mkobani. Basi nikavaa kofia, nikaondoka. Kupanda kilima kulikuwa rahisi, mikono ilikumbuka yenyewe. Kisha mvua ikaanza, nami niko juu, na njia ya kurudi ni mteremko wa mawe yaliyopangwa. Katikati ya mteremko gurudumu la nyuma liliteleza kidogo, kama mguu uliokanyaga sabuni. Skuta haikuanguka wala haikuyumba. Mimi ndiye niliyeshindwa. Niliisogeza pembeni, nikazima, na mikono ikakataa kuachia usukani. Niliiona ile shuka waliyomfunika nayo Shabani walipomleta. Niliona na viatu vyake, kimoja kina tope na kingine safi. Mvua ikanipiga, magari yakanirushia maji, na sikuweza kushuka, kusonga mbele, wala kulia.

Sijui nilikaa muda gani. Nikasikia mtu anaita, "Mwarimu! Mwarimu!" Alikuwa Mzee Karoli anapanda mteremko ule kwa ndala, mwavuli mkono mmoja, mkono wa pili unapapasa ukuta wa nyumba za watu. Macho yale hayatofautishi jiwe na dimbwi. Alifuata ukuta mpaka akanifikia, akanishika bega, akawa anasema, "Humura, humura," ndilo neno lao la kumtuliza mtu aliyeshikwa na hofu.

Nikamwambia, "Samahani Mzee, skuta yako haijapata hata mkwaruzo."

"Nani ameuriza skuta?" akasema. "Nirisikia mvua, sikusikia wewe."

Hapo ndipo nililia, Mama. Tangu nilipovuka mpaka nimekuwa nikichelewa, nikiugua, nikipotea njia, na hakuna aliyewahi kutoka nje kunitafuta.

Nilidhani atanishika mkono turudi kwa miguu. Badala yake alifunga mwavuli, akainua mguu, akakaa nyuma yangu. "Twende. Poropora." Nilimwambia siwezi. Akasema yeye haoni, kwa hiyo mmoja wetu lazima aweze. Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayebeba mtungi, yeye ananiambia wapi kuna shimo, maana njia ile anaijua kwa moyo. Binti yake alikuwa getini ameshika kichwa.

Nimeinunua. Nimeiendesha wiki mbili sasa. Sikukuuliza kwanza kwa sababu ungekataa, na ungekataa ningetii, halafu ningefungasha vitu vyangu na kurudi nyumbani bila kazi. Nilijua ninachofanya. Kisingizio cha gurudumu la tatu ninacho, lakini kwako sikitumii.

Nikueleze na kasoro zake. Ni nzito kuisukuma, inakunywa mafuta, na taa yake ya mbele ilinisumbua wiki nzima fundi akitafuta ya kubadilisha. Mvua bado inanilowesha kuanzia magotini kushuka chini. Lakini nafika, na nafika mapema. Nimepata mwanafunzi mwingine palepale Kiyovu, mzee wa ofisi anayeandika kila ninachosema. Jumapili nampeleka Mzee Karoli kanisani, anapungia mkono watu asiowaona. Ibada zao ni ndefu, namsubiri nje. Siku nyingine nikifungua chumba changu bado ni kilekile, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Sitaki nikudanganye kwamba skuta imeyamaliza hayo.

Nisalimie shangazi Hadija, mwambie dawa ya kifua aliyonifungia ilinisaidia. Nisalimie wifi yangu Asha, mama yake Rehema. Habari ya skuta mwambie wewe kwanza, kabla hajasikia kwa watu, na uchague saa nzuri. Mjomba Seifu nasikia sasa ndiye anayeadhini, mpe hongera. Rehema mbusu shavu la kushoto, la kulia atalikataa.

Ukishamaliza kusoma, Mama, lia kama utalia, kisha nipigie. Ukisema niiuze, nitaiuza, lakini niambie wewe, usimtume shangazi. Na kama ni kunigombeza, nigombeze kwa kirefu. Anza tangu nilipokuwa mdogo, utaje kila kosa, usiharakishe. Nitakaa kitandani nikusikilize mpaka uchoke.

Mwanao,
Mwanaidi