Kinu chini ya gari

Jumatatu, 4 Agosti
Shani kanywa uji, nusu kaupaka ukutani. Baba yake yuko chini ya gari tangu asubuhi, anahangaika na giaboksi. Naona miguu tu. Kaliinua kwa jeki, kisha kalitegemeza kwa kinu cha mama mkwe, kimepinduliwa. Nimemwambia kinu ni cha kutwangia. Akajibu huko huko chini, "Kimepigwa mchi miaka thelathini hiki, kitashindwa na kagari?"
Mchi hauna injini. Jibu limenijia baadaye, naosha vyombo.

Jumanne, 5 Agosti
Hakuna kinu, hakuna unga wa muhogo. Wali tena. Baba Shani anafurahi.
Nikitoka sokoni nimempitia fundi wa gereji. Kasema jeki ni ya kuinulia tu. Anayeingia chini aweke stendi za chuma, na matairi yaliyobaki ardhini ayazuie kwa mawe. Stendi anazo, anaazima. Nimefikisha habari nyumbani. Baba Shani kasema fundi huyo mwoga.
Naogopa. Kwenye mchanga wetu huu hata kigoda kinazama.

Jumatano, 6 Agosti
Kinu kina ufa. Mwembamba kama unywele. Baba Shani kasema ulikuwepo.
Akiwa chini nakaa mkekani na Shani, nimemshika baba yake mguu mmoja. Kauliza kwa nini. Nimesema mapenzi. Si uongo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimewaza mpaka nimepata. Mimi hanisikii, lakini hawezi kumwamkia mama yake akiwa kalala chali. Nimempigia mama mkwe simu, huko kwake Chilangala. Njoo mama, mjukuu anakuulizia. Shani hajaanza hata kuongea. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Agosti
Kafika saa nne. Nimemwamkia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Miguu ikatulia. Kisha Baba Shani akatoka mzima mzima, grisi mpaka kwenye nyusi.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Kinu changu kinafanya nini huko?"
"Kinasaidia, mama."
"Kinasaidia." Akaligonga gari kwa kiganja, kama anapima tikiti.
Kinu kikapasuka. Jeki ikalala. Gari likatua pale pale kilipokuwa kichwa chake.
Shani akacheka. Mama mkwe akakaa chini, mikono kichwani. Baba Shani akaondoka bila viatu kwenda kwa yule mwoga.
Nimelia jikoni. Nimesingizia moshi.

Jumapili, 10 Agosti
Stendi mbili za chuma juu ya mbao nene. Mawe kwenye matairi. Kabla ya kuingia kalisukuma gari kwa bega mara tatu. Halikutikisika. Sikumkumbusha mimi.
Mama mkwe karudi kwake na vipande vya kinu. Atachemshia maharage. Mimi natwanga kwa jirani.
Jioni hii yuko chini, anapiga mluzi. Shani kalala mkekani. Nimemshika baba yake mguu. Leo hajauliza kwa nini.