Diskasi wa Baba

Garsen,
Tana River.
14 Juni 2025

Mpendwa Kaka Zakaria,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Doha? Joto la huko linakufanyaje, na ule mgongo umepata nafuu? Sisi tunashukuru tumeamka, ila moyo wangu haujatulia. Nimeona niandike, nimpe Madina anayerudi kazini huko kesho, kwa sababu nikikupigia simu Baba husikia kila neno, na sitaki ajue ninavyoogopa. Siku hizi habanduki sebuleni.

Ni wale samaki wa diskasi, wale bapa kama visahani, uliomnunulia baada ya kiharusi ili apate cha kutazama. Wametaga, na mayai yakaanguliwa. Kumbe vitoto vyao havili chakula cha kumwagiwa. Hung'ang'ania ubavuni mwa wazazi na kula ute wa ngozi yao. Jike akichoka, dume hupokea zamu. Baba alipoona hayo, hata redio aliisahau.

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Siku yake ya kuonana na daktari wa moyo Malindi ilifika, akakataa kwenda. Nilimsihi, mchungaji akaja akamsihi, yeye akasema tu atakwenda vitoto vikishajitegemea. Nami naona miguu inavimba, na akitembea hadi mlangoni anahema.

Jumanne stima ilikatika tangu asubuhi. Pampu ya hewa ikazima, na kufikia adhuhuri samaki walikuwa wamepanda juu ya maji, midomo wazi. Baba akashika kikombe kwa ule mkono wenye nguvu, akawa anachota maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu ili yaingie hewa. Nilitaka kumpokea, akanisukuma kwa kiwiko. Nikaenda jikoni kumletea maji ya kunywa, nikasikia kishindo.

Nilimkuta sakafuni, macho yamegeuka. Nilipiga yowe, jirani yetu Galgalo akaja na gari lake pamoja na mkewe, Abdia. Tulipokuwa tunambeba, Baba alifumbua macho akaonyesha tangi kwa kidole. Sikujua nifanye nini, kaka. Abdia akakiokota kile kikombe. Unajua kwao ni watu wa ng'ombe, samaki hata kwenye sahani hawamtaki. Akaniambia, "Nenda na mzee. Hawa nitawanywesha hewa mimi."

Hospitalini presha ilikuwa juu mno, wakamlaza. Sikukupigia, ningekwambia nini, nawe uko mbali hivyo? Alipopata sauti, swali lake la kwanza lilikuwa kama wanapumua. Nilimjibu ndiyo, bila kujua.

Abdia alichota mpaka stima iliporudi jioni, mabega yakamkaza. Hata hivyo jike hakupona. Nilimfukia nyuma ya jiko huku nikiwaza nitamwambiaje Baba. Niliogopa habari hiyo ingemmaliza.

Jana aliporuhusiwa, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaketi. Dume alikuwa peke yake, vitoto vyote vimemganda, naye akisogea polepole asiviangushe. Baba hakuuliza jike yuko wapi. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama yenu alipotutoka, wewe ulikuwa bado unanyonya."

Nilivuta kigoda nikaketi karibu naye.

"Nipeleke Malindi," akasema. "Bado nina watoto."

Tumepewa nafasi Alhamisi. Galgalo atatupeleka, Abdia atabaki na tangi. Siwezi kukuficha, naogopa watakachotuambia huko. Usingizi ninaoupata si wa kuitwa usingizi.

Shangazi Teresia wa Kau anakusalimu, na mwanawe Elvis anasema ana hamu nawe. Nisalimie Adan mnayeishi naye. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Barua hii ikikufikia kabla ya Alhamisi, mpigie Baba. Habari za samaki usimuulize. Muulize zake yeye.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na kukuwaza,
Charity