Mayai ya Memsahib Chini ya Kuku wa Majirani

Eldoret, Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetulinda sote tangu nilipopanda treni. Huo mguu wako umepoa au bado unaukalia jikoni na kusema hauumi? Na kifua cha mtoto wangu, bado kinakoroma? Rasoa aliniandikia kwamba paa la jikoni linavuja, nyasi mmepata? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo haujatulia tangu Alhamisi, ndiyo maana mwandiko unaruka-ruka hivi. Rasoa, dada yangu, wewe unayemsomea Mama, kabla hujaendelea angalia kama mke wangu Loice yuko karibu. Kama yuko, mtume mtoni akachote maji. Maneno haya si ya masikio yake bado.

Mama, ile barua ya mwezi uliopita niliyosema Loice na mtoto waje tukae pamoja hapa Eldoret, naomba tuishike kidogo. Najua ameshaanza kuaga. Namjua mke wangu, atakuwa ameaga mpaka mbuzi. Lakini asifunge mizigo. Memsahib, yule mzungu wangu, aliniambia kwamba vifaranga wa safari hii wakitoka vizuri, mke wangu ataruhusiwa kukaa na mimi kota ya wafanyakazi. Wasipotoka, nitakuwa kama yule aliyefanya kazi hii kabla yangu, aliyeandikiwa maneno mabaya kwa kipande chake cha kazi akazunguka mji huu mpaka viatu vikaisha, na hakuna aliyemwajiri. Na mayai yenyewe, Mama, sijui kama yako hai.

Unakumbuka nilipokuja likizo nikakueleza juu ya lile sanduku? La mbao, lenye mlango wa kioo, ndani lina joto la stima, ule umeme wa kwenye nyaya, na mayai sitini yanakaa humo siku ishirini na moja bila kuku hata mmoja. Kazi yangu ni kuyageuza na kutazama kipimo cha joto. Ulicheka ukasema, "Sanduku lina moyo gani wa kupenda watoto?" Nilikuona mshamba siku ile. Nisamehe.

Memsahib alikwenda Nairobi kwa binti yake aliyejifungua, akaniachia funguo. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Elkana, wewe angalia mayai mzuri sana. Kama mayai nakufa, wewe nakwenda." Hayo ni mayai ya kuku wekundu wa kizungu, yalikuja kwa treni yamefungwa kwenye pamba kama dawa. Nikamwambia, "Ndiyo, memsahib." Nilijivuna, Mama. Nilitembea na zile funguo kiunoni mpaka mpishi wetu, Mzee Filemoni, akaniuliza kama nimenunua nyumba.

Alhamisi, baada ya saa tisa mchana, mbingu ikawa nyeusi upande wa Plateau. Wewe unajua mvua ya kwetu. Hii ya huku si mvua, ni vita. Ilishuka mvua ya mawe, kila jiwe kama ngumi ya mtoto, mabati yakalia mpaka ukimwambia mtu neno unaona midomo yake tu. Kisha upepo ukaangusha mti mkubwa wa blugamu uliokuwa kando ya barabara, ukalalia nyaya za stima, na milingoti ikafuatana kuanguka mmoja baada ya mwingine. Ile taa ndogo nyekundu ya sanduku ikazimika mbele ya macho yangu.

Mvua ilipopungua nikakimbia kuwauliza mafundi wa stima waliokuwa barabarani. Mmoja akanitazama akasema, "Hospitali kwanza, kinu cha unga pili. Hizi nyumba za huku, labda Jumanne." Jumanne! Majumba yote makubwa yalikuwa yamezimika. Sisi wa kota hatukuona tofauti, koroboi yetu ya mafuta ni ile ile. Lakini mayai yalikuwa yamebakiza siku nne.

Mzee Filemoni akachemsha maji, tukajaza chupa, tukazipanga ndani ya sanduku, tukalifunika na mablanketi yetu. Kipimo kikapanda sana, tukatoa chupa, kikaanguka, tukarudisha. Kuni zilikuwa zimelowa. Nikachukua yai moja nikaliweka kwenye ukope wa jicho, kama ulivyonifundisha. Lilikuwa linapoa kama ugali uliosahauliwa mezani. Hapo nikakumbuka maneno yako, kwamba kuku ndiye anayejua joto. Nikamwambia Mzee Filemoni, "Tutafute kuku wanaoatamia." Akanijibu, "Kuku wa nani? Hapa memsahib hataki hata kumwona kuku mweusi wa kienyeji." Nikasema, "Wa majirani."

Na wewe unajua, Mama, kuku anayeatamia humhamishi hovyo. Ukimhamisha anasusa. Basi ni mayai yaende kwa kuku. Maana yake, mimi Elkana nitoke nje ya geti mchana na mayai ya memsahib kwenye sufuria. Nikikamatwa nitasema nini? Mzee Filemoni akatikisa kichwa akasema, "Mwanangu, dua la kuku halimpati mwewe. Hakuna atakayekusikiliza." Kisha akanisaidia kuyafunika.

Nilianza kwa Kogo, bibi mmoja Mnandi anayekaa ng'ambo ya ua na mwanawe anayekamua ng'ombe wa shamba la jirani. Kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya. Nilikuwa nimelowa, natetemeka. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Mluhya anataka kuku wangu siku ya baridi kama hii," akasema. "Na chumvi umekuja nayo?"

"Kogo, si wa kula. Naomba aniatamie mayai. Stima imekufa, na yakifa haya nafukuzwa."

"Kuku wangu ana mayai yake."

Nikasimama tu na sufuria yangu. Kogo akapiga magoti pale pembeni ya ukuta, akaingiza mkono chini ya kuku, akatoa mayai yake mwenyewe, moja moja, akayaweka kwenye shuka. "Haya yalikuwa na siku tisa," akasema. Akamwita mbwa aje ayale. Mama, nilitaka kulia. "Umesimama nini?" akanifokea. "Lete hayo ya mzungu kabla kuku hajainuka!"

Ndipo nikafanya kosa, au sijui kama ni kosa. Nilisema, "Kogo, desturi ya kwetu mwenye kuku hupata kifaranga." Akajibu, "Hata kwetu." Basi tukapatana hivyo, na maneno hayo hayo nikayasema kwa kila nyumba. Nilikuwa nimeshamaliza ndipo nikajiuliza, vifaranga ni vya nani hata nivigawe? Yakifa mayai, mimi ni mzembe. Yakitotoa, mimi ni mwizi.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Atieno, mke wa dereva wa nyumba tunayopakana nayo. Yeye anafuga kuku mmoja kwa siri chini ya kitanda, kwa sababu memsahib wao amekataza. Alifunga mlango kwanza ndipo akaniambia, "Elkana, ukitaja jina langu nitakukana kama Petro, na jogoo awike akitaka." Kisha akainua shuka ya kitanda. "Nipe kumi." Ni yeye aliyeninong'oneza nyumba nyingine tatu zenye kuku. Kila mahali walitoa mayai yao wakapokea yangu. Kumi ya mwisho yalikosa kuku, Mzee Filemoni akayaweka kwa kikapu cha makapi kando ya jiko, na tangu siku hiyo analala ameketi.

Nimezunguka nyumba zile asubuhi na jioni siku zote hizi. Nimeweka kipande cha mkaa chini ya kila kiota, ile dawa yako ya kuzuia radi isiue mayai. Mzee wa kanisa angeniona angeniuliza ninaamini nini. Naogopa panya, naogopa paka, naogopa mtu mwenye njaa, naogopa geti likilia. Jana kanisani watu waliimba, mimi nikahesabu siku kwa vidole. Leo ndiyo ya ishirini na moja. Nimepita alfajiri kila nyumba, nimeweka mayai sikioni. Kimya. Labda mayai yalishapoa kabla sijayafikisha. Mama, kama

Jumatano

Mama, niliacha hapo kwa sababu gari liliingia. Nimeyaacha maneno ya Jumatatu kama yalivyo, karatasi ni haba, na nataka ujue nilivyokuwa.

Alikuwa memsahib, siku moja kabla ya siku aliyosema atarudi. Alikuwa amesikia habari za dhoruba. Hakuvua hata kofia. Akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, akafungua mlango wa kioo, akakuta hamna kitu.

"Elkana. Mayai wapi?"

"Yako kwa majirani, memsahib."

"Majirani gani?"

Nikaeleza stima, baridi, kuku. Kiswahili chenyewe kilinikimbia, Mama, nilikuwa nasema na mikono. Akauliza tena, majirani gani, na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilimkumbuka Mama Atieno. Uso wa memsahib ukawa mwekundu. "Wewe nakula mayai yangu. Wewe na rafiki yako." Mzee Filemoni akaja na kile kikapu chake cha jikoni, lakini mayai kumi hayawezi kuwa sitini. Memsahib akashika simu, simu nayo imekufa. Akamwambia Mzee Filemoni akimbilie polisi. Mzee akasema ndiyo, akainama kufunga kamba za viatu. Akafunga, akafungua, akafunga tena. Mama, Mzee Filemoni hana viatu vya kamba.

Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitaingiaje kwenu, nitakueleza nini wewe, nitamtazamaje Loice. Ndipo nikaona Kogo anakuja, kumbe kelele za memsahib zilikuwa zimevuka ua. Hakupita mlango wa jikoni. Alikata kwenye majani ya mbele, mahali ambapo hata mimi sikanyagi, kuku kwapani, shuka ameikunja kifuani, na ndani ya shuka kunalia pii, pii, pii.

"Walianza baada ya wewe kupita," akaniambia, kana kwamba memsahib hayuko. "Wanane. Wawili walikataa."

Nyuma yake wakaja wale wa nyumba tatu, mmoja na karai, mmoja na kikapu, mmoja na kofia ya mumewe. Wa mwisho alikuwa Mama Atieno. Alikuja kwa barabara, Mama, mchana kweupe, kuku wake kichwani ndani ya kapu, na memsahib wao amesimama barazani anamtazama. Mimi nikainamisha kichwa nisimwonyeshe kwamba namjua. Yeye akaweka kapu chini akasema, "Mimi ni Mama Atieno. Kuku ni wangu. Huyu kijana hakuiba."

Hakuna aliyebakiza hata kifaranga kimoja. Kila mmoja alitoa wote, na ahadi yangu hawakuitaja. Na mayai ya Mzee Filemoni yalitoa watatu jioni ile, akawaonyesha watu kama aliyewazaa.

Memsahib aliwahesabu vifaranga kwa kidole. Kisha akasema, "Kuku hii natoka leo. Naleta magonjwa." Akaingia ndani. Kogo akaniuliza, "Amesemaje?" Niliona haya. Nikasema, "Anasema asante." Kogo akacheka. "Uso wake haukusema hivyo."

Jioni memsahib akaniita. Alisema arobaini na mbili si mbaya. Alisema nisirudie tena. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Bibi yako nakuja mwisho ya mwezi. Lakini hapana leta kuku."

Stima ilirudi jana mchana. Wote wakashangilia taa barazani. Mimi nilikwenda kwa Kogo kumwambia ukweli, kwamba nilimwahidi kitu kisicho changu. Nilimkuta na kuku wawili, wake na wa Mama Atieno. Memsahib wa kule amemwamuru Mama Atieno amwondoe kuku asimwone tena, na mumewe ameonywa kazini. Nilipokwenda kumwomba msamaha Mama Atieno alikuwa anafua. Akasema, "Hukunitaja, na mimi sikukukana. Petro alinishinda?" Akaendelea kufua, lakini macho yake hayakuwa ya mtu anayetania.

Na Kogo akaniambia, "Kifaranga cha mzungu sikitaki, kitakufa kwa umande. Mke wako akija, aje anisalimie na kifaranga cha kwenu. Na wale wengine hivyo hivyo, nimeshawaambia."

Kwa hiyo Mama, naomba yule kuku wako wa madoa. Najua ninachoomba. Najua ni yeye aliyekulelea vifaranga wote wa mwaka ule mgumu. Mfungie Loice kuku huyo kwenye kapu na majani juu. Hatafika kwa memsahib. Kogo atampokea, na nafasi iko tayari kando ya ukuta. Akitotoa, wa kwanza ni wa Mama Atieno.

Nisalimie shangazi na macho yake yanayomsumbua, baba mdogo anayelinda mpaka wetu, na mwalimu aliyenifundisha kushika kalamu. Mwambie mama mkwe nitamtunza binti yake. Mpake mtoto mafuta kifuani, huku ni baridi.

Ni mimi mwanao asiyesahau ukope wa jicho,

Elkana

Rasoa, mwite sasa Loice arudi kutoka mtoni. Mwambie amalizie kuaga.